Mursik ya Wenye Wino

Siku ya uchaguzi watu hupenda kutumiana picha za kidole. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wino mbichi, meno yote nje, utadhani mwenyewe ameikomboa nchi kabla ya kunywa chai ya asubuhi. Siku hizi nikiziona nafunga simu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali, nalipwa na umma kuusifu uchaguzi mbele ya watoto wa watu, na darasani bado nausifu. Lakini picha hizo zinanitia kichefuchefu, na sioni haya kusema hivyo.

Nyumbani kwetu kidole hicho kiliheshimiwa kuliko mgeni. Baba yangu ni mkulima wa chai, shamba lake liko kwenye mteremko kati ya Litein na Sotik, na tangu nimjue hajawahi kukosa uchaguzi, uwe mkubwa au mdogo. Alikuwa akitoka nyumbani kungali giza ili awe mbele kwenye foleni. Akirudi, anaweka kigoda chake kwenye mlango wa jiko, anapakata kibuyu cha mursik, na hakuna mtu mzima anayeingia kabla hajanyoosha kidole. Ukiwa na wino, unamiminiwa mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakashika na kuwa ya kijivu. Ukiwa huna wino, unapewa turungi: chai kavu, bila maziwa wala sukari, katika boma lenye ng'ombe. Huku kwetu hilo ni tusi.

Hakumwonea mtu huruma. Mjomba wangu mmoja alinyweshwa turungi mbele ya wakwe zake, akainywa huku akitazama chini. Mwaka ambao mama, Mungu amlaze pema, alikuwa amevimba mguu, baba alimpakia kwenye toroli la kubebea mbolea, akamsukuma mpaka shule ya msingi tulikopigia kura, akamrudisha, kisha akakaa kwenye kigoda chake na kumtaka aonyeshe kidole kama watu wengine. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na leso. Mimi na mdogo wangu tulikuwa bado watoto, tukichungulia kwa wivu. Tulikua tukingoja umri wa kupiga kura, na si kwa sababu ya katiba. Tulikitaka kile kikombe.

Nimeanza na kigoda cha baba kwa sababu hapo ndipo mdogo wangu alipoponzwa.

Mdogo wangu alikwenda Marekani kwa bahati nasibu. Sisemi kwa mafumbo: ile nchi ina bahati nasibu ya kadi ya ukaazi, watu wa dunia nzima wanajaza majina, kompyuta inachota, na anayechotwa anapewa ruhusa ya kuishi huko. Yeye alichotwa. Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi na hana kazi. Kanisa zima lilimsindikiza mpaka barabara ya lami. Huko alipata kazi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza, akaolewa na kijana wa Londiani anayeendesha malori na ambaye alikuwa ameshapata uraia, wakazaa msichana na mvulana. Maisha yakawa ya kawaida, ya kuamka kwenye baridi na kulipa bili.

Kisha akaenda kuchukua leseni ya kuendesha gari. Karani wa ofisi ile aliishika kadi yake ya ukaazi, kadi ambayo kazi yake ni kusema kwamba mwenyewe ni mkaazi na si raia, akaitazama mbele na nyuma, akaingiza habari zake kwenye kompyuta. Halafu akamuuliza kama angependa kusajiliwa kuwa mpiga kura. Mdogo wangu akasema ndiyo.

Wapo watakaosema alikuwa mjinga. Hao hawajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya Kenya. Huku kwetu ofisa hukunyima hata kilicho chako. Ukitaka kitambulisho utaulizwa babu yako alizaliwa wapi na chifu wake alikuwa nani. Mtu aliyekulia katika mambo hayo hawezi kufikiri kwamba kuna ofisa duniani anayekupa kisicho chako, bila kuombwa, tena kwa tabasamu. Akikupa, basi amekwisha kuhakikisha ni chako.

Aliponiambia kwenye simu kwamba atapiga kura, nilimuuliza kama amekuwa raia.

"Bado," akasema. "Lakini ni wao wenyewe walinisajili, na kadi yangu waliona. Hawa watu si kama sisi, Mwalimu. Hapa kila kitu iko kwa kompyuta."

Ananiita Mwalimu tangu nilipoajiriwa, kwa utani. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne mada ya serikali ya Marekani, vyama vyao viwili, na ule utaratibu wao wa ajabu ambapo aliyepata kura chache anaweza kuwa rais. Kitabu kinasema mpiga kura sharti awe raia. Lakini nikajiambia yeye ndiye anayeishi huko, na karani ni wa kwao. Tukaendelea kuongea juu ya watoto.

Mwaka huo nchi yetu ya chai ilikuwa imerukwa na akili. Tuna kibanda cha kuuzia majani, pale juu ya daraja, ambapo watu huleta walichochuma na kungoja lori la kiwanda. Sote tunapaita baing. Huko ndiko siasa zote hupikwa, na mwaka huo hazikuwa za Kericho wala za Bomet. Wanaume ambao hawajui mwakilishi wao wa wadi hufanya nini kutwa walikuwa wanataja majimbo ya Marekani kama watu waliokwenda huko kuchunga. Chama kimoja alama yake ni ndovu, kingine punda. Jirani yetu, mzee wa kanisa, rika moja na baba na rafiki yake wa tangu ujana, alikuwa na mhubiri wa huko ambaye humsikiliza kwenye simu kila asubuhi kabla ya kukamua. Yeye ndiye aliyeamua kwamba ndovu ni wa Mungu na punda ni wa shetani. Maneno yakaenda, na kabla ya mwezi kuisha hakuna mtu pale baing aliyethubutu kumtetea punda.

Baba alimeza yote. Siku chache kabla ya kura akampigia mdogo wangu simu, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikimenya viazi.

"Utapiga suti," akamwambia.

Msomaji wa mbali nimweleze. Huku kwetu chama kikitaka watu wake wote waingie, kinawaambia wapiga kura wavae suti nzima: rais, gavana, mbunge na wengine wote wa chama kimoja, usichanganye. Ni upumbavu mkubwa, na ndio uliotuletea nusu ya wezi tulio nao.

"Suti ya ndovu," baba akasema. "Kutoka kofia mpaka viatu. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Akapiga suti. Jioni akatuma picha yake, amevaa koti zito, na kifuani kibandiko kidogo kinachosema amepiga kura. Baba aliigeuza simu huku na huku.

"Wino iko wapi?"

Ilibidi nimpigie mdogo wangu aeleze kwamba huko hawapaki wino, wanatoa stika. Baba alifikiri kidogo, akakubali. Akaleta kigoda, ingawa huku hakukuwa na uchaguzi wowote, akaisimamisha simu kwenye ukingo wa dirisha la jiko ili yule binti aone, akamimina mursik katika kikombe cha bati ambacho mdogo wangu alikuwa akikitumia zamani. Kikombe hicho kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wake.

"Sasa utaifikisha aje huku?" mdogo wangu akauliza, anacheka.

"Nitakunywea."

Akakinyanyua na kukimaliza chote, akageuza kikombe chini juu kumwonyesha. Tulicheka sote, mimi nikiwemo. Nakumbuka alikuwa na povu kwenye masharubu na hakulifuta.

Ndovu akashinda. Pale baing pakachinjwa mbuzi, na mzee wa kanisa akaomba sala ndefu ya shukrani, majani yakinyauka kwenye magunia. Na yule aliyeshinda alipoanza kusema atawafukuza wageni, walishangilia. Nilikuwa nimepeleka majani ya baba siku hiyo na nilisikia kwa masikio yangu. "Wafukuzwe," mmoja akasema. Mzee wa kanisa akaeleza kwa upole kwamba wanaofukuzwa ni wale wa kuruka ukuta, si watu wetu, watu wetu waliingia kwa mlango. Ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yao, yalikuwa yametandaa mashamba makubwa ya chai. Babu za wanaume wale wale walitolewa kwenye vilima vile, nyumba zao zikachomwa, ili chai ya wageni ipandwe. Wanaijua habari hiyo, wanaisimulia kwenye mazishi. Na wamekaa pale na mifupa ya mbuzi mikononi, wanashangilia watu kutolewa majumbani. Niliacha gunia kwenye mizani nikaenda zangu.

Lakini asinidhanie mtu kwamba nampenda punda. Nitafika kwake.

Miaka ilipofika ya kuruhusiwa kuomba uraia, mdogo wangu aliomba. Aliitwa kwa usaili. Alivaa gauni alilolivaa kanisani Pasaka, akabeba Biblia yake. Ofisa alimuuliza maswali ya kawaida, juu ya bendera, juu ya bunge, majibu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kwa simu kwa furaha. Kisha akamuuliza kama amewahi kupiga kura katika nchi ile.

Mdogo wangu alikuwa akilingoja swali hilo. Alidhani ndilo litakalomwinua. Alisema ndiyo, akafungua Biblia, akaitoa ile stika aliyokuwa ameihifadhi katikati ya Zaburi, akaiweka juu ya meza. Aliinyoosha kwa kidole ili isikunjike. Ofisa aliweka kalamu chini, akatoka, akarudi na mwingine. Mdogo wangu akasimama kuwaamkia, maana alidhani yule wa pili ni mkubwa wake amekuja kumpa hongera.

Sikuwahi kumsikia akilia vile aliposimulia. Hakulia kwa hofu, hofu ilikuja baadaye. Alilia kwa aibu ya kusimama.

Kwa sheria yao, asiye raia akipiga kura, anaweza kuondolewa nchini hata kama hakujua. Karani hana kosa. Kompyuta haina kosa. Niliisoma sheria yenyewe mpaka nikaielewa, na nilichogundua kilinichefua zaidi: iliwekwa zamani, watu wa ndovu wakiwa ndio wenye bunge na mtu wa punda akiwa ikulu, wakapeana mikono. Vyama hivyo ambavyo nawafundisha watoto kwamba ni kama maji na moto, kwa jambo la kumfunga mguu mgeni vilikuwa kitu kimoja.

Mdogo wangu alikwenda kwenye ofisi ya watu wa punda mjini kwake, maana walikuwa wakitangaza kwamba wao ni watetezi wa wahamiaji. Walimkumbatia. Walimpa maji ya chupa na kijitabu chenye picha za watu wa rangi zote wakicheka. Hawakuwa na wakili wa kumpa. Alipokuwa anaondoka, msichana wa mapokezi alimuuliza kama angeweza kujitolea Jumamosi kupiga simu kuwahimiza watu wakapige kura.

Baba tulimwambia siku ya tatu, baada ya kanisa. Alisikiliza akiwa ameshika kofia.

"Si ni wao walimuuliza?" akasema.

"Ni wao."

"Na akasema ndiyo, wakaandika?"

"Wakaandika."

Alirudia maswali hayo mpaka jua likatua. Mzee wa kanisa alikuja kumtuliza, akanywa chai yetu yenye maziwa, akasema kwa sauti ya kuhubiri, "Sheria ni sheria, rafiki yangu. Hata mbinguni kuna mlango." Nilimtazama akipuliza kikombe chake na nikamchukia waziwazi, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Sijaacha kumchukia.

Wakili walimpata hatimaye, mwanamke mwenye moyo aliyefanya kazi bila kuringa. Alieleza kwamba njia ni moja: jaji ana uwezo wa kusamehe, akiridhika kwamba mtu huyu ni mwema na hakudhamiria udanganyifu. Alitaka jaji aelewe kwa nini mwanamke mwenye akili timamu anaweza kuonyesha stika ya kura kwa fahari mbele ya ofisa wa uhamiaji. Mdogo wangu alikuwa amemsimulia habari ya kigoda. Wakili akasema: namtaka huyo baba. Aongee kwa video.

Baba akakataa.

Sikuamini. Nilimfuata kwenye chai, ananipa mgongo, anachuma kwa mikono miwili kama anayekimbizana na mvua.

"Mimi sijawahi simama mbele ya jaji," akasema. "Sasa nisimame niseme nilifunza watoto wizi?"

"Si wizi, baba. Utasema tu ulivyotulea."

"Kama si wizi, kwa nini wanamshtaki?"

Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Mzee wa kanisa alikuwa amemwambia kwamba jina lake litaingia kwenye mashine za Marekani, na kwamba atawaaibisha watu wa Mungu ikijulikana ni nani alimtuma binti apige suti. Baba yangu, aliyekuwa hodari wa kutoa amri kwa simu, sasa alikuwa anajificha nyuma ya majani chai. Niliona kinyaa. Sijapata kuona kinyaa kwa mzazi wangu kabla ya siku hiyo na sikujua nikipeleke wapi.

"Baba," nikamwambia, "wana wawili wa mtoto wako watabaki huko bila mama. Wewe ulikunywa ile mursik."

Akahamia mstari mwingine wa chai. Nilishuka mteremko.

Kesi ilikuwa asubuhi kwao, kwetu jua limeanza kuinama. Niliomba chumba cha kompyuta cha shule, kwa kuwa ndicho chenye mtandao wa kuaminika. Nilikuwa nimemwambia wakili ajiandae kuendelea bila baba. Wanafunzi walikuwa uwanjani. Mlango ukafunguliwa, baba akaingia na koti lake la kanisani, viatu vimepakwa rangi, na chini ya kwapa amebeba kibuyu. Nilimvutia kiti.

Walimpa mkalimani wa Kiswahili, sauti ya mwanamke mwenye lafudhi laini ya pwani, aliyesema "tafadhali endelea, bwana" kila baba aliponyamaza. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo. Kwenye kona ya kioo, mdogo, mdogo kabisa, alikuwepo mdogo wangu na lile gauni la Pasaka.

Baba alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliinua kibuyu akakionyesha. Akaeleza kigoda, turungi, mjomba, mama kwenye toroli. Mkalimani alikwama kwenye mursik, akaiita mtindi, baba akamsahihisha, akamsahihisha tena. Jaji alitabasamu. Nikaanza kutumaini, na hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Jaji akauliza kama alijua haikuruhusiwa.

"Kwa boma yangu," baba akasema, "kile hakiruhusiwi ni kukaa nyumbani."

Kisha wakili wa serikali, kijana mwenye nywele zilizochanwa kwa maji, akauliza kama kuna mtu aliyemwelekeza binti yake namna ya kupiga. Wakili wetu alipinga. Jaji akaruhusu. Baba alinitazama, nami nikatazama kibodi.

"Mimi," akasema. "Nilimwambia apige ndovu, kutoka kofia mpaka viatu."

Mkalimani alitafsiri. Halafu mtu mmoja upande ule, sikuona nani, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyejaribu kukizuia. Baba hakuelewa kilichochekesha, akatabasamu pia, kwa adabu, jinsi watu wetu hutabasamu wanapochekwa na wakubwa. Nikiikumbuka hiyo tabasamu hata leo nauma meno.

Uamuzi ulikuja baadaye, wa heshima sana. Jaji alisema anaamini mdogo wangu ni mama mwema na mfanyakazi mwema, kwamba ushahidi wa baba ulimgusa, lakini kura ni kitu kitakatifu cha raia na haoni sababu ya kutosha ya kutumia huruma yake. Alimtakia kila la heri. Ningependa angetukana. Tusi linajibika.

Rufaa ilishindikana. Waliamua watoto wabaki na baba yao, kwa ajili ya shule na kwa ajili ya dawa za mvulana, ambaye ana pumu. Mdogo wangu akaja na masanduku. Nilimpokea mimi, na njia nzima mpaka Kericho alikuwa akiangalia saa ya mkononi, ambayo hakutaka kuibadilisha. Bado iko kwa saa za huko. Anajua muda wote kama wameamka, kama wako kwenye basi la shule, kama mvulana amepewa dawa yake.

Mzee wa kanisa alikuja kumsalimu na pakiti ya sukari. Akaomba, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha salama. Salama. Mdogo wangu akasema amina, kwa sababu tumelelewa hivyo.

Juzi juzi wadi yetu ikawa na uchaguzi mdogo. Wagombea walikuwa wale wale, wamebadilisha tu kofia. Mzee wa kanisa alipita asubuhi kumchukua baba, akamwambia mdogo wangu mlangoni, "Wewe pia ujisajili haraka. Huku hakuna mtu atakusumbua. Huku wewe ni wa kwetu." Hakuona alichosema. Alifurahi hata, kama mtu aliyekupa zawadi. Mdogo wangu alikuwa anasugua sufuria, akaendelea kusugua. Mimi sikwenda kituoni, kwa mara ya kwanza maishani, na sikumwambia mtu.

Baba alikwenda. Sijui ningetaka afanye nini kingine, katika umri ule, na miguu inayoijua njia yenyewe. Alirudi alasiri na mzee wa kanisa, wote wawili na wino. Akaweka kigoda kwenye mlango wa jiko. Akapakata kibuyu. Mzee wa kanisa akanyoosha kidole chake mbele, anatabasamu, kama alivyozoea.

Baba hakukitazama. Alikitungua kikombe cha bati kwenye msumari, akakipangusa kwa shati lake, akakijaza mpaka juu, akampelekea mdogo wangu pale alipokaa karibu na jiko, vidole vyake vyote safi.

"Leo sheria imebadilika?" mzee wa kanisa akauliza, kwa utani.

"Nyamaza," baba akasema.

Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Alikitazama. Kisha akaangalia saa yake. Kwao ilikuwa asubuhi mapema, watoto walikuwa karibu kuamshwa na mtu mwingine. Akanyanyuka, akakirudisha kikombe mkononi mwa baba, taratibu, ili kisimwagike.

"Ninywee tu, baba," akasema. "Kama ile siku."

Akatoka nje na simu, kwenye mahali penye mtandao, karibu na zizi. Baba alibaki amesimama na kikombe. Kisha akaketi kigodani. Mzee wa kanisa aliaga, hakuna aliyemsindikiza. Tulimsikia mdogo wangu nje akisema kwa sauti ya furaha, ile ya kuwadanganyia watoto, amkeni, amkeni, vaa soksi. Baba hakunywa, na hakuweka kikombe chini. Nilipowasha taa alikuwa bado amekishika, kile kidole chenye wino kimekunjwa chini yake kisionekane.